Ukurasa wa Kumi na Nne

Nyumba ya Muyenga tunaikodi kwa siku.
Jokofu lake halina hata ndimu,
barafu ni ya plastiki, wiski ni chai ya rangi
iliyopoa tangu alfajiri.
Suti si yangu. Mgongoni imebanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo,
kwa hiyo tajiri Lwasampijja hageuki kamwe,
hutoka chumbani kinyumenyume.
Watazamaji husema: unaona?
Mwenye dhuluma hathubutu kumpa mtu kisogo.

Kazi yenyewe, ukiniuliza, ni kusubiri.
Kusubiri jenereta la jirani linyamaze,
mvua iache mabati ya watu kule bondeni,
muadhini amalize, kisha kengele ya kanisa, kisha mbwa.
Kwa saa kumi na mbili huigiza dakika nne.
Zilizobaki nakaa juu ya debe la rangi
Aber akinipaka poda, akinisimulia karo ya mwanawe.
Hakuna aliyemwandikia maneno hayo
na hakosei hata moja.

Baba yangu, askari mstaafu wa Bombo,
aliniuliza hiyo kazi ikoje.
Nikamwambia: naambiwa simama, nasimama.
Naambiwa piga, nampiga mwenzangu
kofi lisilomfikia.
Alicheka mpaka akakohoa.
"Basi nawe umeingia jeshini,
ila jeshi lenu halina pensheni."

Mwenye nyumba wangu wa Kireka alinunua televisheni.
Jumapili akaniona nikishuka ngazi za marumaru.
Jumatatu akapandisha kodi.
Nilimwonyesha soli za viatu vyangu.
"Lwasampijja," akasema, "umewala mayatima msimu mzima.
Mimi huniwezi."

Na Nnaalongo wa nyanya, pale sokoni,
aligoma kuniuzia tangu usiku ule
nilipomfukuza mke wangu wa runingani, mja mzito, kwenye mvua
(mvua ya mpira wa kumwagilia bustani).
"Nenda ukatafune marumaru!"
Nikanunua kwa jirani yake, zilizobonyea,
nikarudi nyumbani kichwa kimevimba.
Hakuna gazeti lililowahi kunisifu namna ile.

Msimu wa tatu nikaomba nyongeza.
Niliiomba kwa sauti yangu; hapo ndipo nilipokosea.
Ningemtuma Lwasampijja.
Bi Kobusingye akasema ataangalia.
Akaangalia.
Mswada ulikuja usiku, kwenye simu,
nikaushusha kwa kidole hadi ukurasa wa kumi na nne:
LWASAMPIJJA ANAANGUKA. HAINUKI.
Kwa herufi kubwa, kama notisi ya kuhama.

Nilikufa Alhamisi, mara sita.
Mara ya kwanza ndege ya Entebbe ilipita juu ya roho yangu.
Mara ya tatu nilipepesa jicho.
Ya nne na ya tano sikuelezwa kosa.
Ya sita nilijilaza kama mtu aliyetoka zamu,
shavu sakafuni,
na hapo nikaona kwamba marumaru ni karatasi ya gundi
juu ya saruji, imeanza kubanduka pembeni.
Miaka mitatu nimeikanyaga kwa madaha.
Nikatamani kumwambia mtu,
lakini nilikuwa maiti, na kamera inasogea.

Kipindi kilipoonyeshwa, Jumamosi yake
Nnaalongo aliniita tangu mbali.
Akapima kilo, akaongeza tatu nzuri juu,
akaisukuma noti yangu.
"Pole kwa kufa," akasema.
"Ulikuwa shetani. Lakini ulikufa vizuri, nililia."
Sikujua mfiwa hujibu nini, wala marehemu.
Nikashukuru, nikageuka kwenda zangu,
shati langu mwenyewe mgongoni,
na nyuma nikamsikia akimnong'oneza jirani yake:
"Kumbe ni mwembamba."